Kisa cha klachi pleti: AI ilivyofuta neno "hakuna" kwenye app ya spea, na tulivyolirudisha

Mazingira

Kampuni inauza spea za pikipiki kwa jumla, ghala liko Kampala, wateja wake ni mafundi wa boda na maduka madogo ya spea huko mikoani. Jina la kampuni, majina ya watu na mji wa fundi nimeviondoa, mengine nimeyaacha jinsi yalivyokuwa. Mimi nilikuwa upande wa dizaini: mtu akifungua app anaona nini, anaandika wapi, anajibiwaje.

Kama hujawahi kununua spea Kisekka, lile soko la spea la Kampala, nikueleze kidogo, maana kisa chote kimelalia hapo. Unafika kibandani unasema "nataka klachi pleti za Boxer", yaani pikipiki ya Bajaj. Mwenye duka hanyanyuki. Anakuuliza "Boxer gani ssebo (bwana)?" Ukisema mia, yaani modeli ya BM100, ndo anaamka, ukisitasita anakwambia lete ile iliyoungua tuilinganishe. Na kama hana anasema sina, nenda kwa yule jirani. Swali moja na neno moja la "sina", biashara ya spea imetembea hivyo miaka yote na mtu anarudi nyumbani na kitu kinachoingia kwenye pikipiki yake.

App yetu haikuwa hivyo hata kidogo. Katalogi ilitoka kwa wasambazaji ikiwa Kiingereza kitupu, jina la spea, modeli, namba ya spea. Fundi yeye anaandika anavyosikia na anavyosema, leo kwa Kiswahili kesho kwa Luganda, mara nyingi vyote pamoja kwenye mstari mmoja. App ilikuwa na Kiswahili kwa sababu wateja wengi wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, na wale wa mpakani upande wa Kongo na Sudan Kusini ndo lugha yao ya biashara, na baada ya baraza la mawaziri kupitisha Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima mashuleni bosi akaona hapo ndipo pa kuweka nguvu. Vitufe vilikuwa Kiswahili kizuri tu. Bidhaa zenyewe Kiingereza. Kwahiyo mtu anaandika "belingi", app inajibu "Hakuna kilichopatikana", na beringi zimejaa ghalani mpaka juu.

Nilichimba kujua kwanini. Utafutaji wa zamani unalinganisha maneno: umeandika nini, kwenye katalogi kuna nini, neno likiwa adimu linapewa uzito zaidi. Kanuni yenyewe inaitwa BM25, siyo pikipiki hiyo, ni jina la hesabu tu. Juu yake tulikuwa na uvumilivu wa makosa ya herufi, mwisho mawili. Hesabu mwenyewe kutoka "belingi" mpaka "bearing", ni herufi tatu za kubadilisha, basi imetoka nje. Mwenzangu mmoja akasema tutumie Soundex, ile njia ya kugeuza neno kuwa alama kwa jinsi linavyotamkwa. Ni ya 1918 na ilitengenezwa kwa majina ya Kiingereza, ambako L na R ni vitu viwili mbali kabisa, L inapewa 4 na R inapewa 6. Sasa wewe niambie hapa Kampala nani ananunua rimu bila kukutana na limu. Bearing inatoka B652, belingi inatoka B452. Rim ni R500, limu ni L500. Njia ambayo ingetusaidia kwa matamshi inakwama palepale watu wetu wanapobadilisha herufi.

Mafundi walikuwa wameshazoea. Wanafungua app, wanajaribu mara moja, wanapiga simu kaunta. Pale kaunta kuna dada ambaye kusema kweli ndo alikuwa utafutaji wa kampuni nzima. Ana daftari, jalada limekatika, kurasa za nyuma ameandika majina: "mpira ya foku = oil seal", "kijiti cha gia", "kikombe cha juu / kikombe cha chini", na mbele ya kila moja namba ya spea kwa kalamu nyekundu. Nililiona siku ya kwanza nikalipita kama kitu cha karani. Nalitaja sasa kwa sababu litarudi.

Tulichoamua mwanzoni na kwanini

Mwaka 2024 kila mtu alikuwa anaongelea AI kwenye utafutaji. Mei mwaka huo Google walianza kuweka majibu yaliyoandikwa na AI juu ya matokeo kule Marekani, na kabla ya hapo watu wameshazoea ChatGPT tangu mwisho wa 2022, unauliza unajibiwa, hakuna kuchagua kwenye orodha. Bosi akataka na sisi iwe hivyo. Mimi pia nilitaka, tena sana, sitaki ionekane kama nilisukumwa.

Tukafanya mambo matatu. La kwanza, kila bidhaa kwenye katalogi ikageuzwa kuwa safu ya namba 768 zinazobeba maana yake, na anachoandika fundi nacho kinageuzwa hivyohivyo, halafu app inatafuta zile safu zilizo karibu. Hapa herufi hazina shida tena, "belingi" inatua jirani na bearing kwa sababu modeli ya AI imesoma lugha nyingi na makosa mengi. La pili, juu ya matokeo tukaweka jibu lililoandikwa na AI kwa Kiswahili, sentensi mbili tatu, kama mtu wa kaunta anaongea na wewe. La tatu, na hili ndo lilikuja kutuumiza, tukaondoa vitu tulivyoona vinamchosha mteja: ile menyu ya kuchagua modeli ya pikipiki ikatoka, ukurasa wa "Hakuna kilichopatikana" ukatoka, na bidhaa zilizoisha ghalani zikafichwa zisionekane kabisa.

Sababu zilikuwa nzuri kwenye karatasi. Menyu ya modeli ilikuwa ndefu na simu za mafundi nyingi ni ndogo, kioo kimepasuka, vidole vina oili. Ukurasa wa hakuna ulikuwa ndo mahali watu wanapofungia app. Na kumwonyesha mtu kitu ambacho hunacho tuliona ni kumpotezea bando. Kila moja ukiitazama peke yake ina akili, lakini hatukukaa chini kuuliza zikiondoka zote tatu kwa pamoja nini kinabaki cha kumzuia mtu asinunue kitu kibaya.

Wiki za kwanza

Zilikuwa tamu. Nilikaa nasoma maandishi ya watu wanavyotafuta na moyo ulifurahi. Kuna mmoja aliandika "kitu ya kuzuia oili isimwagike kwa foku ya mbele" akapewa oil seal ya foku, ile ile. Mwingine "ile chuma inashika cheni nyuma" akapata siproketi ya nyuma. Hawa ni watu ambao jina la spea hawalijui kwa Kiingereza na wala hawana haja ya kulijua, wanajua kazi yake, wanaielezea, na kwa mara ya kwanza app ikawaelewa. Hiyo faida naitetea mpaka leo. Mtu akiniambia AI haina kazi kwenye utafutaji namwonyesha hiyo mistari miwili.

Simu za kaunta zikapungua. Dada wa kaunta peke yake ndo hakufurahi. Alisema "hiyo kitu haiulizi". Tulidhani anaogopea kazi yake.

Siku yenyewe

Fundi mmoja wa mji wa West Nile alikuwa amefungua injini ya Boxer BM100 ya kijana wa boda. Oili imeshamwagwa, kifuniko cha klachi kiko chini kwenye gunia, pleti zimeungua zina harufu ile unayoijua. Akachukua simu akaandika:

*kilachi puleti boksa mia*

Soma hiyo vizuri. Kwa mtu yeyote wa pikipiki hapa Uganda hakuna utata wowote hapo. Mia ni BM100. App ikamjibu kwa Kiswahili safi kwamba ndiyo, tunazo klachi pleti zinazofaa Boxer yake, seti moja bei hii, picha hii hapa, bofya kuagiza. Akabofya. Mzigo ukapakiwa kwenye basi la usiku, ukapita Karuma, asubuhi akaupokea stendi. Alipofungua boksi zilikuwa za BM150, haziingii kwenye kikapu cha klachi cha mia hata ukilia.

Alipiga kaunta. Mimi nilikuwepo siku hiyo, simu ikawekwa spika. Hakuwa anapiga kelele, na hilo ndo lilinichoma zaidi. Alisema: "Dada, mimi niliandika mia. Kompyuta yenu ikaniambia ndiyo. Sasa huyu kijana nimwambie nini?"

Yule kijana boda ni ya mkopo, anarejesha kila wiki. Mpaka seti sahihi ilipopatikana kwingine na kufika zilikuwa zimepita siku 4, na siku ambayo boda haitembei mkopo wenyewe hausimami. Kampuni ilirudisha hela ya spea na ya basi zote mbili. Siku 4 za kijana hakuna aliyezirudisha.

Kwanini ilitokea

Tulifungua rekodi ya ile agizo tukapitia hatua kwa hatua, na hakuna hatua hata moja ambayo mashine "iliharibika". Kila kitu kilifanya kazi tuliyokiambia kifanye.

Klachi pleti za BM100 zilikuwa zimeisha tangu siku mbili nyuma. Kwa sababu tulificha vilivyoisha, kwenye orodha hazikuwepo. Utafutaji wa maana hauna neno hakuna, wewe ukiuliza wenyewe unaleta kilicho karibu kuliko vingine vyote, hata kama hicho cha karibu kiko mbali. Na hiki hakikuwa mbali. Chukua maandishi ya bidhaa mbili, "Clutch Plate Set Bajaj Boxer BM100" na "Clutch Plate Set Bajaj Boxer BM150". Kwa maana ni karibu kitu kimoja, maneno yote sawa isipokuwa tarakimu mwishoni. Modeli inayopima maana inaziona kama ndugu wa tumbo moja. Kwa fundi hizo tarakimu ndo spea yenyewe, mengine yote ni mapambo.

Halafu "mia". Kwenye katalogi kuna 100, hakuna mia. Utafutaji wa maneno ungeikosa na ungesema hakuna, mteja angekasirika, angepiga simu, dada angemwambia "mia zimeisha mzee, ngoja Alhamisi." Yaani ile mbovu ya zamani ingemwokoa yule kijana siku zake. Hili nilikaa nalo usiku mzima.

Na mwisho lile jibu. AI ya kuandika inapewa bidhaa zilizopatikana na maelekezo, halafu inatunga sentensi. Maelekezo niliyaandika mimi mwenyewe, yalisema ijibu kwa ukarimu na isimwache mteja mikono mitupu. Ikapewa bidhaa moja ya BM150 na mteja anayetaka klachi za Boxer, ikawa mkarimu kama ilivyoambiwa. Neno "yake" kwenye "Boxer yake" hakuna mtu alilihakikisha popote. Orodha ya matokeo ikikosea mtu anaona, anasoma jina, anashtuka mbona 150. Lakini sentensi iliyonyooka inayosema ndiyo inamlaza macho, hasa ikiwa kwa lugha yake mwenyewe baada ya miaka ya kusoma Kiingereza cha katalogi. Tulimpa sababu ya kutuamini halafu hatukuwa na cha kuaminiwa.

Tulichobadilisha

Hoja ya kwanza mezani ilikuwa kuchanganya njia zote mbili, ya maneno na ya maana, na kuziunganisha orodha zao. Kuna njia nyepesi inayojulikana kwa hiyo kazi, ya 2009 kutoka kwa Gordon Cormack na wenzake, kwenye kila orodha bidhaa inapewa 1 gawanya kwa jumla ya 60 na nafasi yake, halafu unajumlisha alama za orodha zote. Tuliiweka, na inasaidia. Ila haikuwa tiba, maana kama BM100 haipo kwenye orodha yoyote BM150 itapanda juu kwa njia yoyote ya kuhesabu. Kupanga vizuri hakukusaidii kama ulichotakiwa kusema ni sina.

Kwahiyo tukaigeuza kazi ya AI. Sasa hivi haichagui spea na haimjibu mteja. Kazi yake ni kutafsiri: inachukua alichoandika fundi na kutoa vitu viwili, aina ya spea na modeli ya pikipiki. Baada ya hapo ni hifadhidata ya kawaida, modeli lazima ilingane au hakuna kitu. Juu ya skrini mtu anaona mstari mfupi: *Umeomba: klachi pleti. Pikipiki: Boxer BM100.* Kila kipande anaweza kukigusa akakibadilisha. Kama hakutaja modeli app inamuuliza "Boxer gani?" na kumpa vitufe vitatu vinne vikubwa, siyo ile menyu ndefu ya zamani. Ni swali moja tu, kama kibandani.

Ukurasa wa hakuna ulirudi, ila tukauandika upya. Zamani ulisema hakuna kilichopatikana, ambayo mtu hajui kama ni yeye kakosea kuandika au ni sisi hatuna. Sasa unasema *Klachi pleti za BM100 zimeisha. Za BM150 haziingii kwenye BM100.* Chini kuna kitufe cha Nijulishe zikifika na namba ya kaunta.

Daftari tuliliomba kwa heshima. Dada alikaa na sisi siku mbili, akatusomea kila jina na kututajia mengine ambayo hakuwahi kuyaandika, na kampuni ilimlipa hizo siku kama kazi ya ziada, nilisisitiza. Yeye ndo alitukamata kwenye kosa jipya kabla halijatoka nje: tulikuwa tumeweka "mia" igeuke 100, akauliza "na mtu akisema mia hamsini?" Ingekuwa 100 halafu 50 inaning'inia. Ilibidi app isome kwanza mia hamsini ndo ije kwenye mia, na kwa Luganda hivyohivyo, kikumi mu ataano kabla ya kikumi. Kitu kidogo kabisa, kingetuletea basi lingine la usiku.

Na kupima. Tulichukua maswali 200 halisi ya mafundi, tukayachapisha kwenye karatasi, dada akaweka alama jibu sahihi ni lipi. Makusudi tukaweka humo 40 ambayo jibu sahihi ni sina, vitu vilivyoisha na vitu ambavyo hatuuzi. Mfano "taa ya mbele ya Premio", ambayo ni gari siyo pikipiki. Ule utafutaji wetu wa kwanza, uliopendwa na kila mtu ofisini, ulimletea huyu wa Premio taa ya Boxer. Kabla ya hapo hatukuwahi kupima swali la aina hiyo hata moja, tulipima tu kama kitu kilichopo kinapatikana.

Matokeo

App imekuwa ya polepole kidogo kwa sababu ya lile swali. Kuna mafundi wamelalamika, mbona zamani ilikuwa inaleta tu. Simu za kaunta zimerudi kiasi, nyingi zinatoka kwenye ukurasa wa zimeisha, na mauzo mengine tunayapoteza hapo kwa kusema ukweli, mtu anaenda kwa jirani. Bosi ilimchukua muda kulikubali hilo. Kilichomgeuza ni vitabu vya mapokezi, boksi zilizorudishwa kwa sababu ya modeli zilikuwa kila wiki, sasa inapita wiki hata tatu hujaona.

Na mambo mazuri ya mwanzo yamebaki. "Kitu ya kuzuia oili" bado inaleta oil seal, ila inauliza pikipiki gani kwanza.

Yule fundi wa West Nile alirudi baada ya miezi kadhaa. Hakutuandikia chochote, niliona tu kwenye rekodi: *siproketi boksa mia*, akagusa BM100, akaagiza.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kuelewa lugha ya fundi kulifanya kazi tangu siku ya kwanza, na hilo ni kubwa. Kosa letu lilikuwa kuchukua ufanisi wa kuelewa tukaufanya ruhusa ya kuamua. Ukisoma makala mtandaoni, jibu la karibu linakufaa, unachuja mwenyewe. Ukinunua spea, dawa ya mifugo au tiketi ya basi, karibu ni kosa. Tulichukua dizaini ya sehemu ya kwanza tukaipandikiza ya pili bila kuuliza udongo.

Kuondoa menyu ya modeli kwa kuonea huruma kidole cha fundi ilikuwa huruma isiyo na hesabu. Kubofya mara moja zaidi kunalinganishwaje na siku 4.

Kilichoshindikana kabisa ni sauti. Mafundi wanataka kuongea, mikono ina oili, na wana haki. Tulijaribu, lakini modeli ya sauti tuliyoichukua ilifundishwa Kiswahili na Luganda haikuwemo, kwahiyo mtu akianza kwa Luganda yenyewe haikusema sijaelewa, ilimwandikia Kiswahili cha ajabu ambacho hakusema. Ugonjwa ni uleule, haijui kusema sina. Tukaizima wiki ya pili. Sasa hivi tunakusanya rekodi za sauti kwa ridhaa ya mafundi wenyewe, kwa kufuata sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019, na mpaka zitoshe kitufe cha maikrofoni hakirudi.

Bado kuna ubishi mmoja ofisini haujaisha. Wenzangu wanataka app ikumbuke, kwamba fundi ambaye miezi yote ananunua za BM100 asiulizwe tena, iwekwe yenyewe. Nilimpelekea dada wa kaunta hilo swali, maana kuna mafundi anawajua kwa sauti tu. Akasema hata hao anawauliza, kwa sababu fundi hamiliki pikipiki, anapokea ya kila mtu anayeingia gereji, jana mia leo HLX ya TVS. Kwa sasa swali linabaki.